Kuwika Si Kazi

Kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga kulikuwa na chumba kimoja kisicho na dirisha, na ndani yake alikaa mtu aliyejua siri za majogoo wote wa mji. Walimwita Tochi. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limesahaulika hata kwa msimamizi wake, na yeye mwenyewe hakulidai.

Kazi yake ilikuwa kumulika mayai. Wafugaji walileta mayai yao yaingizwe kwenye mashine, na baada ya siku kadhaa yaliletwa kwake. Tochi alizima taa kubwa, akawasha ile ndogo ya mezani, akaliweka yai moja moja juu ya mwanga. Yai lenye kifaranga lilionyesha mishipa myembamba myekundu, imetambaa kama mizizi ya mche. Lisilo na kitu liling'aa tupu kama chupa iliyooshwa. La namna hiyo Tochi hakulipa hata pole. Alilitupa kwenye ndoo na kushika linalofuata.

Lakini kilichomjengea sifa hakikuwa kutupa, kilikuwa mdomo. Mfugaji akija akakuta mayai yake mengi yameishia ndooni, alianza kulaumu. Alilaumu mashine, akalaumu umeme, mwisho akawaangukia kuku wake.

"Makoo wangu wameharibika, Tochi. Nawachinja wote."

"Koo ametaga," Tochi alimjibu bila kuinua macho. "Kazi yake amemaliza. Muulize jogoo."

"Jogoo wangu?" Mfugaji alishtuka kana kwamba ametukaniwa baba. "Jogoo wangu akiwika mtaa wa pili wanaamka!"

"Kuwika si kazi, bwana. Hata redio inawika."

Wenzake kituoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mfugaji aliondoka amenuna, akambadilisha jogoo, na safari iliyofuata mayai yake yalikuwa na mishipa. Tochi akazidi kuonekana mtaalamu.

Kwa hekima ile, ungedhani nyumbani kwake mambo yamenyooka. Thubutu! Mganga hajigangi. Tochi alikuwa ameoa siku nyingi na nyumba yake ilikuwa haijasikia kilio cha mtoto, na katika miaka yote hiyo mtu yule aliyewaambia wanaume wazima wawaulize majogoo wao hakuwahi hata mara moja kujiuliza yeye. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na taa kabisa.

Aliyeulizwa ni mkewe. Na muulizaji mkuu alikuwa mama yake Tochi, mjane aliyeishi nao katika chumba cha uani. Mama huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na ndimi mbili, moja ya kusali na moja ya mkwe wake. Asubuhi aliifuta vumbi picha ya marehemu mumewe iliyotundikwa sebuleni, akamwombea pepo, kisha akaingia jikoni kumwita mkwe wake gogo.

"Gogo halichipui," alisema huku akikoroga sufuria ya mizizi aliyoichemsha kwa ajili yake. "Lakini usikate tamaa. Mimi hapa nilikaa miaka bila mtoto. Mama mkwe wangu aliniita hivyo hivyo, gogo. Nilikunywa mizizi mpaka ulimi ukawa mweusi. Hatimaye nikampata huyu, mmoja tu, lakini dume! Kunywa, bibie. Uchungu ndio dawa."

Mkewe Tochi alifanya kazi idara ya maji, kwenye meza ya kupokea simu za malalamiko. Tangu asubuhi hadi jioni watu walimtukana kwa mabomba yasiyotoa maji, naye aliwajibu kwa sauti laini isiyopanda wala kushuka. Sauti hiyo alikuja nayo nyumbani.

"Lalamiko lako limepokelewa, mama. Linashughulikiwa. Kuna lingine?"

Lilikuwepo lingine kila siku. Na Tochi alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa papo hapo, mezani, akitazama dari. Dari ya nyumba ile haikuwa na urembo wowote, mbao na misumari basi, lakini Tochi aliijua kuliko fundi aliyeigongelea. Mama akianza tu, shingo yake ilijikunja kwenda juu yenyewe.

Aliyewapeleka hospitali ni mke. Alimwambia mumewe kwamba amechoka kulaumiwa bila ushahidi, wakapimwe wote wawili, na Tochi akakubali kwa roho safi ya mtu anayemsindikiza mgonjwa. Alikaa kwenye benchi amekunja nne, akimpa mkewe moyo.

Majibu yakatoka. Mke hakuwa na tatizo lolote. Mbegu za Tochi zilikuwa chache kiasi kwamba mtaalamu wa maabara alizitafuta kama sindano iliyoanguka kwenye mkeka.

"Hicho chombo mlichonipa hakikuwa safi," Tochi alisema.

Wakampa kingine. Majibu yakawa yale yale.

"Siku hizi nina mafua."

Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, aliagiza apimwe damu pia. Damu ikaeleza yaliyobaki. Kipande kidogo cha jeni kilikuwa kimekatika, mahali ambapo wanaume peke yao wanapo, na mahali hapo baba humrithisha mwana. Si ugonjwa wa kuambukizwa, daktari alisema, wala si laana, wala si mafua. Ila tiba ipo: wataalamu watazikusanya hizo mbegu chache, walidunge yai mbegu moja kwa sindano nyembamba, kisha wapime viinitete vitakavyopatikana kabla ya kupandikiza.

Jioni ile Tochi alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku za uchumba, akamwomba kitu kimoja. Mama asijue. Mama ana presha. Mama atakufa.

"Kwa hiyo mimi niendelee kuwa gogo?"

"Kwa muda tu, mke wangu."

Mke akakubali, kwa sababu alimpenda, na mapenzi ni kitu cha ajabu. Matibabu yakaanza. Tatizo lilikuwa la Tochi, kwa hiyo sindano alichomwa mkewe. Alichomwa tumboni, alivimba, alitapika, akaenda kazini kupokea matusi ya mabomba. Tochi kwa upande wake alipewa vidonge vya vitamini, akawa anasahau kuvinywa.

"Mkeo ana nini, mbona hospitali haziishi?" mama aliuliza.

"Tunamtibu, mama," Tochi alijibu.

Hapo hakudanganya hata neno moja. Mama akatikisa kichwa kwa huruma na kuongeza mizizi kwenye sufuria.

Basi mayai yakatolewa, mbegu zikadungwa, viinitete vikapatikana, vikapimwa. Siku ya majibu waliketi mbele ya daktari, na Tochi alikuwa ametulia kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe lilianza kufanana na kazi yake. Aliuliza kama nao huwa wanazima taa.

"Tunachukua chembe chache tu pembeni ya kiinitete," daktari alieleza. "Tunaangalia kama kila kitu kipo. Vingi vyenu vilikuwa na kasoro, mimba isingeshika. Vilivyobaki vizima ni viwili. Kimoja cha kike, kimoja cha kiume."

"Wa kiume!" Tochi alisimama kabisa. "Daktari, Mungu akubariki. Mama yangu atacheza ngoma."

"Kaa kwanza," daktari alisema. "Huyo wa kiume ni mzima. Lakini kile kipande kilichokatika kwako, kwake pia kimekatika. Mtoto wa kiume hukipokea kwa baba kama kilivyo. Atakua vizuri, atasoma, atacheza mpira, ila siku akitaka mtoto anaweza kujikuta kwenye kiti hicho hicho ulichokalia. Wa kike hakipokei. Wenye hali kama yenu wengi huchagua wa kike. Uamuzi ni wenu."

"Na huyu mwingine?" Tochi aliuliza.

"Mkitaka, anabaki kwenye barafu. Mkiamua hamumtaki, anaondolewa."

Tochi alikaa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ametupa mayai bila hata kuyatazama yakianguka, na sasa neno moja la kistaarabu, anaondolewa, lilimchoma kifuani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Iliuma, na hakuna namna nyingine ya kuisema.

"Daktari," alisema polepole, "kama enzi za mama yangu kipimo hiki kingekuwepo, si mimi ndiye ningeondolewa?"

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Kisha akauliza baba yake Tochi alikuwa na watoto wangapi.

"Mimi peke yangu. Walinisubiri sana."

"Basi huenda umeipata kwake. Wapo wachache ambao bahati huwaangukia mara moja."

Sasa mke akajisogeza mbele, akauliza kwa sauti yake ya kazini.

"Daktari, hicho kipimo chenu kinaonyesha na woga?"

"Woga?"

"Ndiyo. Maana hizo mbegu chache hazijanisumbua. Nimeishi na mwenye nazo, ananichekesha, na chai anapika vizuri kuliko mimi. Kinachonimaliza ni kwamba mama yake akinitukana yeye hutazama dari. Hilo ndilo ninaloogopa mtoto wangu asije akalirithi."

Daktari alikiri kwamba kipimo cha hilo bado hakijapatikana.

"Nilijua. Basi wote wawili wakae kwenye barafu. Sipandikizwi kitu mpaka mama yake ajue tatizo ni la nani, na alisikie kutoka kinywani mwa mwanawe. Asipomwambia, basi tena. Barafu inavumilia, mimi nimemaliza."

Kwenye korido Tochi alimkimbilia. Alimwahidi kwamba atamwambia mama, kwa hakika atamwambia, mtoto akishazaliwa, mama akiwa na furaha.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," mkewe alimjibu bila kusimama. "Kumbe walikuwa wanakutaja wewe."

Tochi akaanza kujitahidi. Juhudi zake zilikuwa za kusikitisha. Kwanza alimnunulia mama malapa mapya, laini, ili habari ipate pa kukanyagia. Mama alifurahi, akayavaa, akatembea nayo uani kwenda na kurudi.

"Mama, nina jambo."

"Sema, mwanangu."

Tochi aliyatazama malapa. "Hayabani vidoleni?"

Hayakuwa yanabana. Safari nyingine alipitia mbali, akasema wataalamu siku hizi wanaona kwamba tatizo la uzazi linaweza kuwa la yeyote, mke au mume.

"Wataalamu wamekuja juzi," mama alisema. "Sisi tulikuwepo."

Na kila jioni, kabla ya kulala, mama aliomba kwa sauti ili mkwe asikie vizuri: apate mjukuu wa kiume, anayefanana na baba yake kwa kila kitu, asikosee hata kimoja. Kutoka chumba cha pili mke aliitikia amina. Tochi, aliyejua kwamba dua hiyo imeshakubaliwa na inahifadhiwa kwenye barafu, alijifunika shuka mpaka kichwani. Mke hakumsukuma wala hakumkumbusha. Aliacha tu kuzungumzia mtoto. Aliigawa nguo ndogo ya manjano aliyokuwa amemfumia mtoto na kuitunza kwenye droo, akampa mwenzake wa kazini aliyekuwa mjamzito, na Tochi alipoona droo iko tupu aliogopa kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa na presha, sawa. Lakini mke alikuwa na miguu.

Sasa huyo mama alifuga kuku wachache uani, pamoja na jogoo mmoja mweupe, mkubwa, mwenye maringo. Koo mmoja alikuwa ameatamia mayai yake kwa uaminifu mpaka akakonda, na hayakutotoa kitu. Jumamosi mchana mama alimwita Tochi aje na utaalamu wake. Tochi alichuchumaa kwenye kivuli cha banda, akawasha taa ya simu, akayamulika. Yote yaling'aa tupu.

"Nilijua!" Mama alikuwa ameshamkamata koo miguu, na kisu mkononi. "Anakula mahindi yangu bure. Gogo kama…" Hakumalizia, ila macho yake yalikwenda dirisha la jikoni, ambako mkwe wake alikuwa akiosha vyombo.

Jogoo mweupe, kana kwamba ameitwa, akaruka juu ya ukuta, akatanua mabawa, akawika.

Na hapo mazoea ya kazi yakamponza Tochi, au yakamwokoa. Mdomo ulimtangulia.

"Mwache huyo, mama. Koo ametaga. Muulize jogoo."

Alijisikia akisema. Jikoni bomba likafungwa. Tochi akainua shingo kutafuta dari, lakini uani hakukuwa na dari, kulikuwa na anga tu, na jua likampiga machoni. Ikabidi ateremshe uso. Mbele yake alikuwepo mama, kisu, na koo aliyening'inia kichwa chini akimtazama kwa jicho moja.

"Na mke wangu pia si yeye," alisema.

"Si yeye nini?"

"Mwenye tatizo. Ni mimi, mama. Wamenipima zaidi ya mara moja. Zile sindano alichomwa kwa ajili yangu, na matusi yako ameyala kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa najua." Alishaanza kuteremka mlima na hakuweza kusimama katikati. "Na daktari anasema huenda nimerithi. Kwa baba."

Mama hakufa. Presha yake, iliyokuwa imeogopwa kuliko simba, ilikaa kimya. Alimwachia koo, akaketi taratibu kwenye kizingiti na malapa yake mapya.

"Kwa baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ile mizizi…"

"Ulikunywa bure."

Mama aliutazama ukuta. Mtu anayedhihaki hapa na anyamaze kidogo, kwa sababu mama yule alikuwa anaipitia miaka yake yote ya ujana, kikombe kwa kikombe. Lile neno gogo alikuwa amelipokea kwa mama mkwe wake, likamuumiza, akalitunza, akaja kumpa mwanamke mwingine, na kumbe halikuwa lake tangu mwanzo.

Aliinuka, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya picha ya mumewe.

"Ulikuwa umekaa hapo hapo," aliiambia, "na gazeti lako. Mama yako ananiita gogo, wewe unafungua ukurasa."

Hakuivunja wala hakuigeuza. Aliiacha na vumbi lake, naye hakuwa ameiacha hivyo tangu mumewe azikwe. Kisha akaenda jikoni. Tochi alimfuata nyuma, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta mzigo na hajui auteremshe wapi.

"Mkwe," mama alisema.

"Abee, mama."

"Ile mizizi ninayokuchemshia, unainywa?"

Mke alifuta mikono kwenye nguo yake. Hakuona tena sababu ya kudanganya. "Namwaga kwenye sinki, mama. Tangu mwaka juzi."

"Umefanya vizuri," mama alisema. "Sisi enzi zetu hatukuwa na sinki."

Akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, na katikati ya kilio akasema nisamehe mwanangu, neno ambalo katika nyumba ile halikuwahi kutoka upande huo kwenda upande huu. Mke alimkalisha kwenye kiti. Naye machozi yalimtoka, maana hasira za miaka haziondoki kwa neno moja, lakini neno lenyewe lilikuwa limefika. Walipotulia alimweleza yote, barafu na viinitete, wa kike na wa kiume.

"Huyo wa kiume atafanana na baba yake?" mama aliuliza.

"Kwa kila kitu. Kama ulivyoomba."

"Hm."

"Simtupi, mama. Wa namna yake nimeishi naye, nimemzoea." Mke alisema hivyo bila kumtazama mumewe pale mlangoni. "Ila nataka atangulie dada yake."

"Atangulie," mama alikubali huku akipenga kamasi. "Huyo kaka akae kwenye barafu mpaka baba yake ajifunze kusema."

Kisha macho ya mama yakaenda kwenye jiko. Sufuria ya siku ile ilikuwa bado ipo, imejaa, mizizi imeachia rangi yake yote. Mama akachukua kikombe kikubwa, akakijaza mpaka ukingoni, akakiweka mezani, akamwashiria mwanawe asogee.

"Kunywa."

"Mama, hii haitibu kitu. Daktari mwenyewe—"

"Najua haitibu. Kunywa."

Tochi alikitazama kikombe. Alimtazama mkewe, kwa macho ya mtu anayeomba kutetewa. Mkewe alikuwa ameegemea sinki, amekunja mikono, na anatazama dari.

"Mke wangu, mwambie basi."

"Lalamiko lako limepokelewa," mkewe alisema. "Linashughulikiwa."

Tochi akanywa.